Jinsi ya kunyambua kuposti, kutagi na kulefti bila kugombanisha watu

Meseji iliyomliza dada yangu ilikuwa na maneno matatu tu: "Shem hakuposti kabisa." Aliiandika shoga yake aliyekuwa Mwanza kwenye harusi ambayo shemeji yangu naye alienda, dada kabaki Dar na mtoto anaumwa, anasubiri picha haoni kitu, ikabidi amuulize shoga. Sasa shoga alichotaka kusema ni kwamba siku ile shemeji hakuweka picha yoyote, simu ilizima chaji hata keki haijakatwa. Dada akasoma tofauti kabisa, akasoma kwamba huyu bwana wewe huwa hakuposti, yaani wengine anawaposti ila wewe mkewe hakuposti. Shemeji amerudi na sato wake wa Mwanza kwenye ndoo, samaki wakakaa kwenye friji siku mbili hakuna wa kuwagusa, salamu ndani ya nyumba ni za kwenye meno tu.

Mi nikaitwa kusuluhisha kwa sababu kazi yangu ni kuandika kapsheni, nashika kurasa za wafanyabiashara wadogo Kariakoo, kutwa nzima naposti, natagi, najibu inbox. Nikaomba nione hiyo meseji yenyewe. Nilipoisoma nikaelewa kwamba hapa hakuna mwongo, shoga yuko sahihi na dada yuko sahihi, tatizo ni kitenzi. Tangu siku hiyo nikaanza kuandika pembeni kila kitenzi kipya cha mtandaoni ninachokutana nacho na jinsi watu wanavyokinyambua, na huu mwongozo umetoka humo. Ni kwa yeyote anayetaka kuyatumia haya maneno kwa Kiswahili kilichonyooka, maana mi naamini kitenzi kikishavaa ni-, ta-, na -wa kimeshakuwa cha kwetu, na cha kwetu kinastahili kutunzwa kama vingine.

Hatua ya 1: kipe irabu mwishoni

Kiswahili hakipendi neno liishie hewani, kwa hiyo kitu cha kwanza ni kulipa neno irabu ya kukalia. Mara nyingi ni i: posti, tagi, laiki, chati, komenti, diliti, trendi, skroli. Ila neno likiishia na sauti ya midomo kama m au b basi u ndo inakuja yenyewe bila kuitwa, na hili siyo jambo jipya, angalia timu, filamu, krimu, klabu, albamu. Kwa hiyo ni kuzumu picha, kustrimu mechi, kusabskraibu chaneli.

Kwenye bloku watu wamegawanyika. Kuna wa "nimembloku" na kuna wa "nimembloki" na wote wanaeleweka, mi niko upande wa bloku kwa sababu tulishasema blogu miaka mingi. Lakini usigombane na mtu hapa, utaona hatua ya 5 wote wanakutana njiani.

Hatua ya 2: angalia kama inaishia na a

Hii ndo hatua yenyewe, ukiikosea hii zote zilizobaki zinaharibika. Vitenzi vyetu vya asili vinaishia na a, kusoma, kupika, kupenda, na ile a ina kazi. Ukikanusha wakati uliopo inageuka i: anasoma, hasomi. Ukiomba au kuamuru kwa adabu inageuka e: asome. Yaani ile herufi ya mwisho ni kama taa ya gari, inakwambia mwenzio anakata kulia au kushoto.

Vitenzi vilivyotoka Kiarabu havina hiyo taa. Kujibu, kusafiri, kusamehe, kusahau: anajibu, hajibu, ajibu. Mwisho haubadiliki hata ufanyeje. Na sisi tumeishi navyo karne kwa karne bila shida, tena vikaja vya Kiingereza kabla hata ya intaneti vikakaa humo humo, kurekodi, kuripoti, kusaini, kuchaji, kufeli. Ukisikia redio inasema "imeripotiwa kwamba" ujue huyo ndo mjomba wake "imepostiwa", ukoo mmoja.

Kwa hiyo sheria ni hii, kuposti inafuata kujibu, haifuati kusoma. Unasema siposti, hatutagi, asilaiki, aliyenibloku, waliokomenti. Ukiamuru watu wengi unaongeza ni tu: jibuni, rudini, laikini, komentini. (Postini nayo ni sahihi, ila kumbuka "postini" ni pia mahali, "nimeiona postini kwake", kwa hiyo ukiandika "picha postini" mtu anaweza kujiuliza umemtuma au umemwelekeza.)

Kuna kitenzi kimoja kimependelewa, nacho ni kushea. Kwa bahati kimekuja kinaishia na a, basi Kiswahili kikakipokea kama mtoto wa ndani: anashea, hashei, ashee, sheeni. Hakuna aliyetufundisha kusema "hashei", tulijikuta tunasema. Kuofa nayo ni hivo hivo, kaniofa soda, haniofi siku hizi. Mi nikiona hii huwa nafurahi sana, kwa sababu inaonesha sarufi iko kichwani mwa mama muuza mihogo na bodaboda kabla haijawa kitabuni, neno limeshuka kwenye simu asubuhi na jioni limeshavaa kanzu.

Hatua ya 3: kabla hujatuma, pima kanushi

Sasa turudi kwa dada. Chukua kitenzi cha asili, kupenda. "Hakupenda" ni jana, hakufurahishwa na kitu. "Hakupendi" ni leo, na anayekosa kupendwa ni wewe. Ile herufi ya mwisho imetenganisha habari ya kawaida na habari ya kuvunja nyumba. Sasa weka kuposti: "hakuposti" ya jana na "hakuposti" ya wewe zimefanana herufi kwa herufi na hata mkazo unakaa palepale, kwa sababu ku ya wakati uliopita na ku ya wewe ni mapacha na mwishoni hakuna taa ya kuwatofautisha.

Tatizo hili halikuletwa na Instagram, lipo tangu zamani. "Sikusahau" inaweza kuwa mtu anakwambia chumvi hakuisahau sokoni, inaweza kuwa mtu anakwambia wewe hutoki moyoni mwake. "Sikusamehe" ndo mbaya zaidi, moja ni masimulizi na moja ni hukumu. Tofauti ni kwamba zamani uliyasema haya uso kwa uso, sauti na macho vinasaidia, leo unaandika maneno matatu unatupa simu kwenye pochi unaenda kucheza muziki ukumbini.

Dawa zipo tatu na ni rahisi:

Kama ni jana na mtendwa ni mwenzio, weka ku mbili, "hakukuposti". Watu wanaikwepa wakidhani ni kigugumizi, siyo kigugumizi, ku ya kwanza ni ya jana na ya pili ni ya wewe. Ndo Kiswahili chenyewe.

Kama jambo bado linaweza kutokea, tumia haja-: "hajaposti", "hajakuposti". Hii inaokoa ndoa nyingi kwa sababu ndani yake kuna matumaini, bado, subiri, ataposti.

Kama ni tabia, tanguliza huwa, "huwa hakuposti", hapo hakuna wa kubisha. Wengine tunaongeza gi kule mwisho, "sipostigi", "hapostigi", ni lugha ya mtaani lakini inafanya kazi yake vizuri, inaonesha mazoea, na mi siioni kosa.

Shoga wa dada angeandika "shem hajaposti kitu, simu imezima" sato wangeliwa siku ileile.

Hatua ya 4: kagua majirani wa hilo neno

Kitenzi kipya kikihamia mtaani angalia anaishi jirani na nani. Kutagi amepanga nyumba moja na kutaga. Wakiwa wanakubali hawafanani, kuku anataga, rafiki anatagi. Wakikataa ni kitu kimoja: kuku huyu hatagi, rafiki huyu hatagi. Na ukinyambua ndo usiseme, "nitagie" unaweza kumwambia rafiki kwenye komenti na unaweza kumwambia kuku bandani. Mteja wangu mmoja anauza mayai ya kienyeji, siku moja kaniandikia "leo nimetagiwa sitini" nikaingia kwenye ukurasa wake mbio kuangalia nani kamtagi mara sitini, tumepata umaarufu gani huo, kumbe ni trei mbili za mayai. Ushauri wangu kwa wauza mayai wote, andikeni "wametaga sitini" mtuondolee presha.

Kucheki na kucheka ni hivohivo. "Ananicheki" ni mtu mzuri, anakujulia hali. "Ananicheka" ni mwingine. Lakini "mbona hunicheki siku hizi" ni yupi? Hapa sentensi inahitaji msaidizi, "hunicheki hata kwa simu", "hunicheki WhatsApp", taja njia ya mawasiliano na utata unaondoka. Ukiwa na haraka sema "hunitafuti", neno la zamani na halina jirani mkorofi.

Kuposti na kuposa wanatofautiana vizuri tu kwa maandishi, ila kwa simu yenye mtandao mbovu kuwa makini. Bibi yetu Tanga aliambiwa na mjukuu "bibi nimepostiwa!" bibi akajibu alhamdulillahi, mahari wamesema shilingi ngapi. Tulicheka lakini bibi hakukosea, masikioni mwake kitenzi kinachoanza na pos- kikamalizia na -wa, kikasemwa na msichana kwa furaha namna ile, kina maana moja tu.

Na kwa wenzangu wa Bara tunaopenda kukata ame- kuwa ka-: "kaposti" ni ameposti, na "kaposti" ni posti ndogo. "Kaposti kaposti kadogo" ni sentensi kamili, na kwa kusikia tu huwezi kujua inaanza na kitenzi au na nomino.

Hatua ya 5: sasa nyambua

Hapa ndo utamu ulipo. Kitenzi cha asili kinasikiliza irabu yake ya ndani, pika inatoa pikia na soma inatoa somea. Vigeni havina habari hiyo. Kuposti ina o katikati lakini haiendi "postea", inachukua a tu juu ya i yake na kuwa postia, kama rekodi inavyokuwa rekodia. Hivyo "naomba unipostie tangazo langu" ni sahihi kabisa, na naiandika kila siku, tena ukipostiwa unalipa, kuposti ni kazi.

Cha kutendwa weka -wa: postiwa, tagiwa, laikiwa, fowadiwa. Neno likiishia na u, ile u inageuka i kama jibu inavyotoa jibiwa na haribu inavyotoa haribiwa, ndo maana nikasema msigombane, wa bloku na wa bloki wote wanaishia "nimeblokiwa". Kuzumu inatoa zumiwa, "picha ikizumiwa unaona kabisa nyuma ni kitanda cha hoteli". Kufowadi kwa kutendwa tumeizoea kwa sababu WhatsApp yenyewe inaonya kwamba ujumbe umetumwa mara nyingi, na mtaani hakuna anayesema kwa kirefu, tunasema "hii imefowadiwa sana, usiiamini", na hiyo sentensi moja inafanya kazi kubwa kwenye magrupu ya familia, hasa zile habari za dawa za majani.

Cha kutendana weka -ana: kupostiana, kulaikiana, kublokiana. Kublokiana ni hatua ya mwisho ya ugomvi na neno lenyewe linasikika hivyo.

Cha kutendesha weka -isha, tulishazoea "mwalimu kanifelisha". Basi kutrendi inatoa kutrendisha, "vijana wameutrendisha ule wimbo".

Cha kutendeka weka -ika, na hiki ndo nakipenda kuliko vyote kwa sababu Kiingereza kinahangaika sana kukisema na sisi ni silabi moja tu. "Picha hii haipostiki." Hujasema ni mbaya, hujasema nani kakataa, umesema picha yenyewe kwa hali yake haikubali kupostiwa. Sawa na hasahauliki, hasameheki. Mpiga picha wa harusi akiambiwa haipostiki anajua arudie taa.

Vinavyoishia na o vinasumbua, maana hata Kiarabu hakikutuachia mfano wa kuiga. Kugugo tunayo, kamusi ya Oxford ya Kiingereza ilikipokea kitenzi hicho 2006 na sisi hatukungoja kamusi, "kagugo kwanza ndo uje ubishane". Lakini kwa kutendwa? Mi naandika "kugugolewa", nafuata kutoa, kutolewa, na kuondoa, kuondolewa, ile l ya zamani iliyojificha inatoka kutusaidia. Kufolo wengi wanasema "nafolowiwa" na inapita. Wapo wanaosema tuseme kufuatwa tu, ni Kiswahili safi, lakini msichana akikutumia meseji saa nne usiku "nafuatwa na watu mia mbili" utavaa viatu utoke. Kwa hiyo kwa nomino mi natumia folowazi, "ana folowazi elfu kumi", na wafuasi nawaachia manabii na vyama vya siasa.

Kutengua ndo hakuna. Kiswahili kina ile u nzuri ya kurudisha nyuma, funga na fungua, ziba na zibua, lakini huwezi kusema "postua" wala "blokua", haikai mdomoni. Watu wamepata njia nyingine ya kistaarabu zaidi: "nitoe bloku", au "nifungulie". Naipenda sana nifungulie, ni ombi la mtu aliyesimama mlangoni mvua inamnyeshea.

Hatua ya 6: kikikataa kunyambulika, kipe piga na kula

Si kila neno lazima liwe kitenzi. Tuna vitenzi viwili vyenye mabega mapana vinabeba mzigo wowote, piga kwa anayefanya na kula kwa yanayempata. Kapigwa kibano, kala kibano. Hivyo basi kumpiga bloku, kula bloku. Ukikasirika zaidi unamlima bloku kama unavyolimwa barua kazini.

Zile tiki za bluu WhatsApp ilizileta mwishoni mwa 2014 na ndani ya muda mfupi tukawa na "kanipiga bluutiki", yaani kasoma kanyamaza. Nairobi wao wanapenda kuifanya kitenzi moja kwa moja, "amenibluutiki", na ukisikia unajua mtu huyu kaumizwa pande zipi. Njia zote mbili ni sawa. Selfi nayo inapigwa kwa sababu picha imepigwa tangu enzi za studio zenye pazia lenye mnazi. Komenti inadondoshwa, laiki inagongwa.

Hatua ya 7: kulefti, iheshimu

Najua wapo wanaokereka na "amelefti". Wanasema hilo siyo hata shina, ni neno la Kiingereza ambalo tayari ni la wakati uliopita, huwezi kusema "atalefti". Mi nasema unaweza, na sababu yake ni nzuri. Sisi tulikutana na hilo neno kwenye skrini ya WhatsApp ya Kiingereza, jina la mtu na pembeni yake left, katikati ya grupu la michango ya harusi, siku ile mwenyekiti wa kamati kaposti orodha ya ahadi na kila mtu anaona shangazi katoa laki na wewe kwenye jina lako kuna kistari. Mtu kimya kimya kaondoka. Hilo neno lilikuja likiwa na tukio lake zima, ndo maana likashika: amelefti, usilefti, wamemleftisha, huyu ataleftishwa tu. Linafuata kufeli nukta kwa nukta.

Na kabla hujasema tuseme "ametoka" sikiliza hili lililotokea kwenye grupu la ukoo wetu. Baba mdogo alikasirika na mjadala wa kiwanja akalefti saa tatu usiku. Binamu yangu ambaye anapenda Kiswahili fasaha, na nampenda kwa hilo, akaandika: "Ndugu zangu, baba mdogo ametutoka." Akaweka simu akalala. Asubuhi grupu lina meseji mia na kitu, innalillahi, poleni, raha ya milele, mazishi lini, shangazi wa Morogoro yuko stendi tayari kapanda basi, na mtu mmoja kashaanza orodha ya rambirambi. Na baba mdogo mwenyewe haoni lolote kwa sababu hayupo kwenye grupu. Aliamshwa na jirani aliyekuja kumpa mkewe pole akafunguliwa mlango na marehemu.

Kutoka ni kitenzi kizuri lakini kina zamu yake nyingine msibani, na huwezi kukiweka kwenye grupu la ndugu bila kuangalia. Kama hutaki kulefti sema "amejitoa kwenye grupu", kamilisha sentensi. Mi kwenye grupu la ukoo naandika amelefti na kila mtu analala salama.

Hatua ya 8: uliza kama hatuna chetu

Hapa sitaki ueleweke vibaya kwamba kila kitu tukope. Kupakua na kupakia ni vitenzi vilivyonikonga moyo, mzigo unapakiwa, wali unapakuliwa kutoka kwenye sufuria, na faili nalo hivyohivo, ile u ya kutengua ndo inafanya kazi. Ukimwambia mtoto "pakua programu" ameshaona mama akipakua, hahitaji maelezo. Kubofya ni cha mtu anayejaribu embe kwa kidole kuona limeiva, na ukiangalia watu wanavyogusa skrini utaona ndo kitendo chenyewe. Kufuta ipo, kudiliti ya nini. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, wapo tangu 1967 na wametupa mengi, kishikwambi, yaani tableti, wengi walikicheka mpaka sensa ya 2022 makarani wakapita nyumba kwa nyumba navyo mkononi, sasa mtaani kimeshakuwa neno la kawaida. Neno linahitaji kushikwa mkononi ndo likae mdomoni.

Na kuna kurusha. Hiki watu wamekigeuza wenyewe, "nirushie ile video", "nirushie namba", "nirushie vocha". Kizuri mno lakini kina mtego wa herufi moja. "Umenirushia" maana yake umenitumia. "Umenirusha" maana yake umenidhulumu, hela yangu umekula. Mteja wangu anauza vitenge kwa oda, mtu wa mkoani kamwandikia "dada ule mzigo umenirusha asante" na dada wa watu akatetemeka, akaanza kutafuta risiti ya basi, kumbe mwenzake anashukuru, kasahau i tu. Kwa hiyo ukiandika kurusha hakikisha ile i ipo, isome tena mara ya pili, hasa kama kwenye sentensi kuna pesa.

Hatua ya 9: liandike limeshikana

Nime-post, ku-tag, ime-trend, vile vistari vinalifanya neno lionekane bado lipo kwenye begi halijafunguliwa. Andika nimeposti, kutagi, imetrendi. Ukiona linakutisha kwa macho lisome kwa sauti, likitiririka liandike lilivyotiririka. Ambalo mi mwenyewe sijalipatia njia ni DM, "nidiem" linasomeka kama jina la dawa, kwa hiyo naandika "njoo DM" au "njoo inbox", tumekifanya kuwa mahali badala ya kitendo, mtu anakaribishwa kama anavyokaribishwa sebuleni, na wateja wanakuja kweli.

Na kutwiti usikiache. 2023 mwenye mtandao wa Twitter alibadilisha jina ukawa X, na X haina irabu ya kukalia, jaribu kuinyambua uone, "kueksi", "nimeeksiwa", inakwama kooni. Kitenzi kimebaki na sisi jina likaondoka. Dukani kwa Mangi tunaomba kolgeti hata kama dawa ya meno aliyonayo ni ya kampuni nyingine, anakupa, unalipa, unaenda kupiga mswaki, na ndivyo ninavyoendelea kuandika katwiti, wametwitiana, posti yangu imeritwitiwa.